Barabara ikishakamilika, maji yanaenda kwa nani?

Mradi wa barabara ukifika mtaani, habari zake huandikwa kwa namna moja: kilomita ngapi, mkandarasi nani, itakabidhiwa lini. Kisha hujitokeza mwenye nyumba mmoja au wawili, waliojenga upande wa chini, wakiuliza kuhusu maji ya mvua. Hapo ndipo mazungumzo huharibika. Wanaotaka lami ifike haraka humwona muulizaji kuwa anawinda fidia, au kwamba maendeleo hayajui. Naye akishaona hasikilizwi, huamua kuupinga mradi wote, hata ile sehemu ambayo ingemfaa yeye mwenyewe. Malumbano ya aina hii ni mengi siku hizi, kwa kuwa barabara zinajengwa katikati ya makazi yaliyokwisha kusongamana, na karibu yote yanabishania jambo moja tu: je, barabara inaongeza maji au haiongezi? Mimi naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Barabara huweza kuongeza maji kidogo tu na bado ikamharibia mtu nyumba, kwa sababu inachobadilisha zaidi ni mahali maji yanapotokea, kasi yanayotoka nayo na kimo yanachoanzia. Mradi usioweza kuonyesha maji yake yanaishia wapi, hadi kwenye mto, bwawa au ardhi inayoweza kuyanywa, usanifu wake haujakamilika, hata lami yake iwe nzuri namna gani.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowapotosha watu wa pande zote mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kipande cha barabara chenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 500, yaani mita za mraba 5,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa saa moja, kipande hicho kimepokea lita 250,000. Wahandisi hukadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 95 ya mvua inayoangukia lami hutiririka. Eneo hilo hilo likiwa la majani, tambarare, juu ya udongo wa kichanga, kinachotiririka huweza kuwa chini ya asilimia 10. Likiwa na mteremko juu ya udongo mzito, hufika 35. Njia hii ya kuzidisha ukubwa wa eneo, ukali wa mvua na ile sehemu isiyonyweka iliwasilishwa na mhandisi Emil Kuichling mwaka 1889, alipokuwa akishughulikia mifereji ya Rochester, Marekani, na hadi leo ndiyo inayotumika kwa maeneo madogo. Mwenye nyumba akiisoma hesabu hii huona ameshinda kesi. Mkandarasi naye hujibu kwamba pale hapakuwa na majani, palikuwa na barabara ya udongo iliyoshindiliwa na magurudumu kwa miaka mingi, nayo ilikuwa haikunywa maji kwa kiasi cha kutajika. Mara nyingi anasema kweli. Tofauti ya wingi kati ya udongo ulioshindiliwa na lami ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na anayeisimamisha kesi yake juu ya tofauti hiyo peke yake atashindwa, hata kama uani kwake kumejaa tope.

Kiini kiko upande wa juu wa barabara. Kabla ya mradi, maji ya mteremko mzima hushuka yakiwa yametandaa, kina chake kidogo, yakikwama kwenye majani na vishimo, mengine yakizama ardhini njiani. Kila kiwanja hupata sehemu yake na kuipitisha. Kisha linajengwa tuta la kukatiza mteremko. Tuta haliwezi kuyaruhusu maji yapite juu yake, kwa kuwa yataling'oa. Kwa hiyo unachimbwa mtaro upande wa juu, unayakusanya, unayapeleka mpaka mahali pa chini kabisa, na hapo linawekwa kalavati la kuyavusha. Maji yaliyokuwa yakishuka katika upana wa mita 300 sasa yanatokea kwenye tundu moja lisilofikia upana wa mita moja. Ukipima kwa siku nzima, huenda wingi wake ni ule ule wa zamani. Kwa mwenye kiwanja kinachotazamana na tundu hilo, umezaliwa mto. Na mto huo una haraka, kwa sababu mtaro wa zege ni laini kuliko nyasi: maji ya mbali na ya karibu, ambayo zamani yalifika kwa zamu, sasa yanafika pamoja. Lita zile zile zikipita kwa dakika 15 badala ya saa nzima, wastani wa mtiririko ni mara nne.

Anayetaka kuona kwa macho na asimame kwenye mdomo wa chini wa kalavati lililopitisha misimu michache bila kujengewa sakafu ya mawe. Mbele ya zege pana shimo lililochimbwa na maji. Ukingo wa zege wenyewe unaning'inia, kwa kuwa udongo wa chini yake umekwisha kuondoka. Kutoka hapo linaanza korongo, jembamba kwanza, kisha linaongezeka kina kadiri linavyokaribia ukuta wa jirani, na mizizi ya miti imebaki wazi kwenye kingo zake. Mchanga wote uliotolewa humo umetupwa mbele kidogo, pale kasi ilipopungua, ambapo mara nyingi ni uani kwa mtu. Mvua za mahali hapo zilikuwapo tangu enzi na hazikuwahi kufanya kazi hiyo, kwa sababu zilikuwa hazijakusanywa.

Jambo jingine, ambalo hutajwa kwa nadra, ni kimo. Barabara ya lami hubebwa na tabaka za changarawe na kokoto, kila moja sentimita 15 au 20 hivi. Tabaka hizo zikiwekwa juu ya ardhi iliyokuwapo badala ya kuchimbiwa ndani yake, uso wa barabara unapanda karibu nusu mita bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Miaka ikipita inaongezwa lami mpya juu ya ile kuukuu, na kimo kinapanda tena. Nyumba iliyojengwa ikiitazama njia sasa inaitazama kutoka chini. Lami yenyewe huinamishwa pembeni, kwa kawaida kwa asilimia 2 hadi 3, ili maji yasikae juu yake. Kama ukingo wa upande huo hauna mtaro unaofanya kazi, mwinamo huo unamwelekezea mwenye nyumba maji moja kwa moja mlangoni. Wa upande wa juu naye hajasalimika. Kalavati likizibwa na takataka, tuta linageuka bwawa, na maji yanayotuama nyuma yake yanapanda hadi yapate njia nyingine, ambayo huwa ni kiwanja cha mtu.

Wajenzi wa barabara wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba maji ndiyo yanayoua barabara kuliko kitu kingine. Udongo ulio chini ya lami ukilowa hupoteza nguvu, malori yanaubonyeza, lami inapasuka, maji yanaingia zaidi kwenye nyufa, na mashimo yanafuata. Kwa hiyo kuyaondoa maji haraka ni sharti la uhai wa kazi yenyewe. Ya pili ni ya mipaka na fedha. Mradi una eneo lake la hifadhi ya barabara na bajeti yake. Mhandisi hana ruhusa ya kuchimba mfereji katikati ya viwanja vya watu kwa sababu tu mto uko mita 400 mbele. Hoja hii naipa uzito, lakini inaeleza kwa nini tatizo hutokea, haionyeshi kwamba halipo. Itazame michoro ya miradi hii: mtaro umechorwa kwa makini, vipimo vyote vipo, hadi ukingo wa hifadhi ya barabara. Hapo unawekwa mshale mdogo wa kuonyesha maji yanakoelekea, na baada ya mshale karatasi ni nyeupe. Weupe huo ni mashamba, viwanja na vyumba vya watu. Mpaka wa mradi ni jambo la mikataba, nayo maji hayakutia saini.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma: kwamba mlalamikaji mwenyewe alijenga bondeni. Kuna ukweli mwingi hapa. Wapo walionunua viwanja wakati wa kiangazi, wakaona bonde kavu lenye bei ya chini, wakamwaga msingi juu ya njia ya maji ambayo kila mkazi wa zamani angewaonyesha kwa kidole. Wengine walijenga ukuta kukatiza bonde lenyewe. Watu hao hawawezi kuidai barabara iwaondolee maji ambayo yangewafikia hata kama isingejengwa. Ila tuwe waangalifu na ukubwa wa kosa lao. Aliyejenga bondeni anawajibika kuyapokea maji ambayo bonde lilikuwa likileta. Hajawajibika kupokea ya mabonde mengine matatu ambayo mtaro wa barabara umeyaokota njiani na kuyaunganisha na lake.

Ndiyo maana jibu linalotolewa mara nyingi zaidi katika mikutano ya wananchi ndilo dhaifu kuliko yote. Mtu anasimama, anauliza, naye anajibiwa kwa methali: maji hufuata mkondo. Watu wanacheka, swali linapita. Lakini mkondo wenyewe umechimbwa juzi kwa mashine, kwa mteremko uliopigiwa hesabu, na mdomo wa kalavati umewekwa pale kwa uamuzi wa mtu aliyekuwa na machaguo mengine. Baada ya tuta kujengwa, hakuna tena maji ya asili upande wa pili wake, yaliyopo yamepangwa. Tofauti hii si ujanja wa mawakili wa leo. Sheria ya Kirumi ilikuwa na shauri mahsusi la maji ya mvua, la kumkabili jirani ambaye kazi ya mikono yake imebadilisha mwendo wa maji hayo na kumhatarisha mwenzake. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 640, inamtaka mwenye ardhi ya chini ayapokee maji yanayoshuka kwa asili bila mkono wa binadamu kuhusika, na papo hapo inamkataza wa juu kufanya lolote litakalouzidisha mzigo wa wa chini. Hata katika majimbo ya Marekani yaliyowahi kushika kanuni kwamba maji ya mvua ni adui wa wote na kila mtu ajikinge awezavyo, mahakama nyingi zimeilegeza, zikaanza kupima kama aliyeyageuza maji alitenda kwa busara. Wanasheria wa zama na nchi mbalimbali waliona mstari ule ule: ya mvua ni ya Mungu, ya mtaro yana mwenyewe.

Utetezi mwingine husubiri mpaka hasara itokee: mvua ile haikuwa ya kawaida. Huenda ni kweli, lakini uliza ilizidi kipimo gani. Mtaro husanifiwa kwa mvua ya ukali fulani, tuseme ile inayotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 10. Wengi husikia hapo kwamba ikinyesha leo, tuna miaka 9 ya kupumzika. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa mvua hiyo kufikiwa au kupitwa, na katika miaka 10 uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Kwa kalavati lililosanifiwa kwa mvua ya miaka 25, mtu atakayeishi jirani nalo miaka 30 ana uwezekano wa takribani asilimia 70 wa kuliona likizidiwa. Basi kuzidiwa ni sehemu ya usanifu; aliyechagua kipimo alijua kwamba kuna siku maji yatafurika, na alitakiwa aeleze siku hiyo yatapita wapi. Juu ya hayo, hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na vipimo vingi vya mvua vinavyotumika vilikusanywa kabla joto halijapanda kama lilivyo sasa. Kuiita mvua ya ajabu kila inapokuja ni kukwepa hesabu.

Lakini wenye nyumba nao wana udhaifu wao, na mkubwa ni kudai mtaro mpana zaidi kana kwamba upana ndiyo dawa. Mtaro mpana huyafikisha maji kwa jirani wa chini mapema na kwa nguvu zaidi. Aliyeko mita 200 mbele, ambaye hakuitwa kwenye mkutano, ndiye anayelipia ushindi wako. Kuinua ukuta na kumwaga kifusi kiwanjani ni yale yale: maji yanahamia kwa wa pili, naye atainua wake. Kinachosaidia zaidi ni kuyachelewesha, kwa bwawa dogo la kuyashikilia, mtaro wa nyasi badala ya zege pale mteremko unaporuhusu, vizuizi vya mawe vya kupunguza kasi, au makalavati madogo kadhaa yanayoyatawanya mahali pa tundu moja kubwa. Hatua hizi hazipendezi kwenye picha za uzinduzi, na zinahitaji ardhi, jambo ambalo wenye nyumba wenyewe hulikataa likigusa viwanja vyao.

Halafu kuna bomba la mlangoni. Mtaro ukishajengwa, kila mwenye gari hutaka kivuko, na wengi hulaza bomba jembamba walilolipata kwa bei nafuu, kisha kifusi juu yake. Bomba likijaa maji, uwezo wake hupungua kwa haraka kuliko kipenyo chake: kwa mteremko ule ule, la milimita 450 hupitisha chini ya nusu ya linachopitisha la milimita 600, na la milimita 300 halifikii hata sehemu moja ya sita. Mtaro wa kilomita nzima una uwezo wa bomba lake jembamba kuliko yote. Takataka zikikwama hapo, maji yanapanda barabarani na kuingia nyumba ya tatu kwenda juu, ambayo mwenyewe anamlaani mkandarasi. Anayelalamikia mradi akague kwanza kivuko chake, asije akapelekewa picha yake mwenyewe.

Ukiyaweka haya pamoja, inaonekana kwa nini wakati wa kuuliza ni muhimu kuliko sauti ya kuulizia. Kimo cha barabara kikishaamuliwa, mteremko wa mitaro umeamuliwa, na mdomo wa kalavati hauwezi tena kuhamishwa bila kubomoa. Malalamiko yanayofika wakati lami inamwagwa yanaweza kupata sakafu ya mawe na ukuta mfupi, basi. Kipindi cha ujenzi chenyewe ndicho hatari zaidi, na hakuna anayekitangaza: tuta limeinuliwa, majani yameondolewa, udongo uko wazi, lakini mitaro ya kudumu huachwa hadi mwishoni. Mvua kubwa ikishuka katika miezi hiyo huchukua kifusi chote kuelekea chini, na mkandarasi akiulizwa husema mitaro bado. Ratiba inayoridhisha ni ile inayoonyesha njia za muda za maji kabla ya tuta kupanda. Na baada ya makabidhiano, nani anazibua? Mradi humlipa mtu kujenga kalavati. Kulisafisha kila kabla ya masika ni kazi ya ofisi nyingine, yenye bajeti nyingine, kama ipo. Kalavati lililojaa mchanga hadi nusu halijali lilisanifiwa kwa mvua ya miaka mingapi.

Kwa mwenye nyumba, ushahidi ni wa kukusanywa mapema. Barabara ikishafukia ardhi ya zamani, hakuna atakayeweza kuthibitisha maji yalikuwa yakipita wapi, na neno lake litabaki neno lake. Picha za mvua za kabla ya ujenzi, zenye tarehe, zikionyesha maji yalivyotandaa na yalipokuwa yakikatiza, zina thamani kuliko barua kumi za hasira. Bora zaidi ni wenye nyumba kadhaa kumlipa mpimaji mmoja achukue vimo vya vizingiti vyao, na kutaka vimo hivyo viandikwe kwenye michoro ya mradi, pembeni ya kimo cha lami. Ombi hilo haligharimu mradi chochote cha maana, na ni gumu kulikataa hadharani. Msanifu atakayeona kwenye karatasi yake mwenyewe kwamba uso wa barabara uko sentimita 40 juu ya kizingiti cha jirani atalazimika kuamua, kabla lori la kwanza la kifusi halijafika, aichimbie barabara chini, aweke mtaro upande ule, au aandike kwa jina lake kwamba ameiona tofauti hiyo na akaiacha.